Anti, mtoto wa dada anacheza "stendi" kila siku, mume wangu kachoka anataka aondoke

Shikamoo Anti. Naomba jina langu liwe kapuni mana mawifi zangu wanasomaga sana hapa wakijua ni mimi itakua kesi nyingine. Nipo Mwanza, nimeolewa, tuna binti mmoja wa miaka minne. Mume wangu ni fundi magari, mimi nina genge la nyanya na mboga hapahapa mtaani.

Nina dada yangu wa kunizidi, tumekulia Ukerewe kwa mama yetu. Dada aliolewa akaachika, akabaki na mwanae wa kiume kwenye chumba cha kupanga. Kodi ikamshinda, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo na dada hana, siku moja akarudi akakuta kufuli lingine mlangoni vitu vyake vyote vipo ndani. Sisi huku hatujui kitu Anti, dada ni mtu wa kujikaza, ukimpigia anakwambia tupo tu tunamshukuru Mungu. Kumbe wanalala stendi, wakitimuliwa na mgambo wanahamia kwenye meza za soko, mwisho wakaenda mwaloni kule Kirumba, mchana dada anachambua dagaa za watu usiku wanajifunika viroba palepale. Halafu dada akamwambia mtoto naenda Geita machimboni kutafuta hela, kaa na huyu mama nakuja keshokutwa. Hajarudi mpaka leo na simu haipatikani. Yule mama alieachiwa nae akachoka, mtoto akaingia na wenzie, kuokota makopo, kubebea abiria mizigo, kulala kwenye maboksi. Kuna kituo kinashughulika na watoto wa mtaani ndo walimpata wakamdodosa taratibu mpaka wakanifikia mimi. Sikufikiria mara mbili, damu yangu ile, nikamchukua.

Ana miaka nane. Mtoto mzuri, anasalimia, anafua nguo zake mwenyewe bila kuambiwa. Ila ana mambo. Usiku halali, unamsikia anatembea sebuleni anajaribu kitasa cha mlango kama kimefungwa, akienda shule anasinzia mwalimu anamchapa. Anaficha chakula, nimewahi kukuta ugali umekauka chini ya mto na sisimizi kibao. Mama yake hamuulizii kabisa, hata kumtaja, nadhani ameshamsahau na mimi nimeona ni afadhali iwe hivyo.

Kile kituo walisema awe anakwenda kwao kila Alhamisi kwa dada mmoja wa ushauri nasaha anaefanya tiba kwa njia ya michezo. Mi nlidhani watakaa waongee, mtoto aseme yalomkuta, apewe ushauri. Kumbe wanacheza! Kuna chumba kina mchanga kwenye beseni, wanasesere, magari, wanyama wa plastiki, vyombo vya kupikia vidogo, anacheza anachotaka na yule dada amekaa nae chini. Akitoka nikiuliza amesema nini naambiwa "anaendelea vizuri mama, tumpe muda." Sasa nimeambiwa na mimi kila wiki nitenge nusu saa nicheze nae nyumbani, yeye ndo achague mchezo mimi nimfuate. Nafanya, japo naona aibu, mtu mzima nipo chini nachezea vizibo vya soda.

Na mchezo wenyewe Anti ni uleule. Anajenga nyumba kwa maboksi ya sabuni, anapanga watu ndani, halafu anakuja mgambo anabomoa kila kitu, watu wanakimbia wanalala nje. Anajenga tena, mgambo anarudi. Na mara nyingi mgambo ni mimi! Ananipa kijiti anasema "mama mdogo wewe ndo mgambo, tufukuze." Roho inaniuma yaani, mimi niliemuokota ndo nimekua mgambo? Siku hizi kidogo kaongeza mambo, anaweka kizibo mlangoni anasema ndo kufuli na ufunguo anautia mfukoni kwake, ila mwisho wa siku nyumba inabomolewa vilevile.

Kilicholeta balaa ni Jumamosi iliyopita. Mi nipo gengeni, yeye anacheza na binti yangu, wakacheza stendi. Akamlaza mwenzie kwenye boksi barazani, akamwambia wewe ndo mtoto wa stendi, kisha wakatoka hadi barabarani, akamfundisha anyooshe mkono aseme "anko naomba mia." Baba yake karudi kutoka gereji anakutana na binti yake wa kumzaa anaomba hela wapita njia na jirani zetu wanacheka. Alimzaba kibao yule mtoto, akaingia ndani hakula. Usiku ananiambia mke wangu nimevumilia, huyu mtoto anamfundisha mwanangu uchokoraa, na hayo madarasa ya kucheza yanamzidishia, badala asahau wao wanamkumbusha. Amesema nichague, aende kwa bibi yake Ukerewe au tumtafutie shule ya bweni. Mchungaji wetu yeye amesema aletwe aombewe kwanza, inawezekana katoka na kitu huko mtaani. Mama yangu yupo tayari kumpokea ila ni mzee miguu inamsumbua, na huko hakuna hizi Alhamisi.

Mume wangu sio mtu mbaya Anti, ndie alienunua godoro na sare za huyu mtoto kwa hela yake bila kusemeshwa. Sasa nauliza, haya mambo ya kucheza yanatibu kweli au yanazidisha? Na nimpeleke Ukerewe niokoe ndoa yangu, au nibaki nae?

*Mama mdogo, Mwanza*

*

Marahaba mwanangu, pole sana, na pole ya pili nampa mume wako mana nae nimemsikia kwenye barua yako, mwanaume anaenunua godoro la mtoto asie wake bila kusemeshwa sio mtu wa kumwekea kwenye kundi la wabaya, na umefanya vizuri kulisema hilo.

Nikikusikiliza naona umeniuliza maswali mawili ila kuna manne humo ndani. Kuna swali la mchezo kama ni dawa au ni kupoteza muda. Kuna swali la usalama wa binti yako. Kuna la ndoa. Na kuna la dada yako, hilo hukuuliza lakini limekaa katikati ya barua yote. Ukiyafunga yote kwenye furushi moja unapata kitu kimoja tu, "aende au abaki," na hapo kila mtu atajibu kwa hasira zake. Ngoja tuyafungue.

Tuanze na hilo la kucheza mana ndilo linalomchoma mzee. Na ana haki ya kuuliza, hata mimi ningekua nachangia nauli kila wiki mtoto akachezee mchanga ningeuliza. Kinachofanyika mle ndani ni hiki. Mtu mzima akipata balaa analisimulia, analia, analirudia kwa kila mgeni anaekuja kutoa pole, mpaka linapungua makali. Mtoto wa miaka nane hana hayo maneno, na mwingine anayo ila ameshajifunza mtaani kwamba ukisema sana unaumizwa. Anachoweza ni kucheza. Kwaiyo anapewa chumba kilekile, siku ileile, mtu yuleyule, vitu vilevile, na anaambiwa hapa wewe ndo unaongoza. Kwa mtoto ambae maisha yake yote wengine ndo waliamua alale wapi na aamshwe saa ngapi, hilo tu ni jambo kubwa sana. Yule mtaalamu hajakaa bure, anafuatilia, anataja anachokiona ("watu wa nyumba hii wameogopa"), na anaweka mipaka, huruhusiwi kuumiza mtu, huruhusiwi kuvunja chumba. Na sio fasheni ya juzi. Margaret Lowenfeld kule London alikua anatumia trei za mchanga na vijisanamu na watoto tangu miaka ya 1920 mwishoni, na Mmarekani Virginia Axline aliandika kitabu kizima cha tiba hii mwaka 1947, msingi wake ukiwa huohuo wa mtoto kuongoza. Hata hiyo nusu saa yako ya vizibo ina asili yake, Bernard na Louise Guerney kule Marekani walianza kuwafundisha wazazi wenyewe kucheza hivi na watoto wao miaka ya 1960, wakaona kama mtoto ataishi na mzazi kwanini utulivu ubaki kwa mtaalamu peke yake. Kwaiyo ukikaa chini usione aibu mwanangu, upo kazini.

Ila na wewe kuna kitu nataka nikuguse taratibu. Unasubiri ripoti. Unataka kila Alhamisi uambiwe amesema nini. Naelewa, unatafuta habari za dada yako pia humo. Lakini mtoto akijua kila anachocheza kinafika mezani nyumbani atafunga mdomo na mikono vilevile. Una haki ya kujua anaendeleaje kwa ujumla, una haki ya kuambiwa mara moja kama kuna hatari au kama kuna mtu alimfanyia ubaya, na kituo kizuri kitakwambia. Mengine muachie.

Sasa je inazidisha? Mzee wako kuna mahali kagusa ukweli bila kujua. Upo mchezo unaotibu na upo mchezo unaozunguka palepale. Mwaka 1976 kule Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa wakiwa kwenye basi lao la shule wakafukiwa chini ya ardhi ndani ya tela la lori, wakatoka wote wazima. Daktari wa akili wa watoto Lenore Terr aliwafuatilia, na moja ya mambo aliyoyaeleza ni jinsi wengine walivyokua wanacheza tukio lile tena na tena, sura ngumu, hakuna furaha, mwisho uleule, na wakimaliza hawajapata nafuu yoyote. Mchezo wa namna hiyo ukiachwa peke yake miezi kwa miezi unaweza kumchimbia mtoto shimo. Kwaiyo swali la kujiuliza ni kama mchezo unasogea, mana kurudia tu sio tatizo, watoto wote wanarudia.

Na hapo ndo nataka usome barua yako mwenyewe. Umeandika harakaharaka, kama kitu kisicho na maana, kwamba siku hizi anaweka kizibo mlangoni na ufunguo anatia mfukoni kwake. Mwanangu! Huyu ni mtoto ambae nyumba yao ilifungwa na kufuli la mtu mwingine. Sasa kufuli lipo, ila ufunguo anao yeye. Siwezi kukuapia maana yake ni ipi, na usiende kumuuliza, ila mchezo uliokua na sehemu tatu sasa una nne, hiyo sio kuzunguka palepale. Angalia vitu vya namna hiyo. Je kuna mtu mpya ameingia kwenye nyumba? Kuna anaepiga kelele kuomba msaada, kuna anaewarudisha watu ndani? Akimaliza anapumua na kuuliza chakula, au anabaki amekakamaa anakua mkali usiku mzima? Kama ni hilo la pili, tena kwa wiki nyingi, mwambie yule dada wa Alhamisi waziwazi, mana kuna wakati mtaalamu inabidi aingie kidogo kwenye mchezo, aulize kama yupo wa kumzuia huyu mgambo.

Kuhusu wewe kuwa mgambo, nimecheka kidogo kisha nikanyamaza. Umelichukulia kama tusi, mimi nalisoma tofauti. Mara nyingi mtoto hamwekei kijiti mkononi mtu anaemuogopa, anampa yule ambae ana uhakika mchezo ukiisha atakitupa kijiti na kupakua ugali. Lakini usiigize mgambo kwa akili yako. Kuna mbinu rahisi wanayofundishwa wataalamu, unamnong'oneza: "mgambo anasemaje? anafanya nini sasa?" Anakwambia, unafanya hivyohivyo, huongezi ukali. Yeye anabaki dereva. Na kama siku hiyo huwezi kwasababu moyo umejaa, mwambie leo mgambo amechoka, tumpe kazi mwanasesere. Inaruhusiwa.

Tiba hii nayo ina mipaka yake na usiipambe kwa mzee ukazidisha. Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa watoto wenye kiwewe upo kwenye matibabu ambayo mtoto anasaidiwa hatua kwa hatua kutuliza mwili, kupanga mawazo na mwisho kusimulia kilichomkuta, mlezi nae akishirikishwa. Huku kwetu lilifanyika jaribio kubwa Moshi na upande wa Kenya Bungoma, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi, wakihudumiwa kwa vikundi na watu wa kawaida waliopewa mafunzo, sio madaktari. Matokeo yalitoka 2020. Kenya nafuu ilionekana na ikadumu hata baada ya mwaka, kwa Tanzania baada ya mwaka waliopata tiba ile na waliopata huduma za kawaida walikua wamelingana. Wale walikua yatima, wako ni wa namna nyingine, kwaiyo sikwambii uhamishe kesho. Nakwambia unaweza kwenda kwa yule dada ukamuuliza kwa heshima, amesomea wapi tiba ya michezo, nani anamsimamia, lengo la miezi hii ni lipi, na lini mtakaa kutathmini kama mtoto anahitaji kitu cha ziada. Mtaalamu wa kweli hachukii maswali hayo. Akichukia hilo nalo ni jibu.

Tuje kwa binti yako, na hapa nakaa upande wa baba yake. Mtoto wa miaka minne kusimama barabarani anaomba watu wasiowajua hela ni hatari, mwisho wa maelezo. Hofu yake ni ya haki. Ninapotofautiana nae ni pale anaposema "anamfundisha uchokoraa." Huyu kijana alikua anacheza maisha anayoyajua kama binti yenu anavyocheza kupika kwasababu anakuona unapika. Hakumwibia mtu wala kumuumiza yule mdogo. Huenda pia, na hapa nakisia, ilikua mara yake ya kwanza kuwa yeye ndie mkubwa anaemuongoza mdogo pale stendi badala ya kuwa yule anaeongozwa. Mchezo wa stendi unaruhusiwa, ila ndani ya uzio, na mdogo wake akikataa mchezo unaisha, na haruhusiwi mtu kutoka getini. Sheria hizo wasemewe wote wawili na baba mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Kwa sasa usiwaache peke yao ukiwa gengeni, tafuta wa kuwaangalia au wachukue uwe nao. Na ukiona mchezo umegeuka wa kumuumiza mwenzie, wa kumvua nguo, wa kumtisha asiseme, hapo usisubiri Alhamisi, piga simu kituoni siku hiyohiyo.

Kile kibao sitakihubiria, najua kilitoka kwenye aibu ya jirani kucheka. Ila ongeeni hilo mkiwa wawili, kwasababu kwa huyu mtoto mkono wa mtu mzima unakuja na kufukuzwa kwa pamoja, na siku mbili baadae akisikia neno Ukerewe ataunganisha mwenyewe.

Na huko Ukerewe kwenyewe, sitaki nikuchoree kama adhabu, mana inaweza isiwe. Kuna faida pale. Ni kwa mama wa mama yake, kuna ndugu, kuna watoto wa kucheza nao rede na kombolela mpaka jua lizame, na dada yako siku akijitokeza kuna uwezekano mkubwa atafikia kwa mama yake kabla ya kwako. Hatari zake, bibi miguu inamsumbua na huyu ni mtoto anaezunguka usiku. Alhamisi zitakatika. Na kubwa kuliko zote ni namna atakavyoondoka. Mtoto alieambiwa "nakuja keshokutwa" na mtu hakurudi, ukimpandisha kivuko baada ya ugomvi, atajifunza kwamba alicheza vibaya akaondolewa. Ikifika mahali mkaamua hivyo basi isiwe wiki hii. Aende kwanza likizo arudi, aone kwamba kwenda na kurudi kunawezekana. Aage pale kituoni, wampe sesheni za kumalizia, abebe vitu vyake mwenyewe, na siku mliyosema mtampigia mpigie kweli hata kama huna cha kusema.

Bweni mi naliogopa zaidi kwa sasa, nakwambia ukweli wangu. Bweni lenye matroni mwenye moyo linaweza kumfaa mtoto mwenye umri mkubwa kidogo anaelala usiku. Huyu anaesinzia darasani mpaka anachapwa, ukimpeleka mahali ambapo usiku hakuna wa kumwambia "mlango nimeufunga mimi, lala," sijui. Lakini wewe ndo unamjua.

Kubaki nako kuna gharama, tusidanganyane. Kunaweza kuitikisa ndoa, na nyumba yenye ugomvi kila usiku haimtibu mtoto hata umpeleke Alhamisi mia. Kabla hujachagua kama ulivyoambiwa uchague, kuna kitu kimoja ningejaribu, nacho ni kumuomba yule dada wa kituo azungumze na mume wako, ana kwa ana. Sio aje kushitakiwa. Aje aulize maswali yake yote, hata lile la "nalipa nauli mtoto acheze." Mafundi ni watu wa kutaka kuona mashine inavyofanya kazi, akielewa kinachofanyika anaweza akatulia, anaweza asitulie, ila angalau atakua anakataa kitu anachokijua.

Maombi sina tatizo nayo, kama yanakupa nguvu na mtoto anakaa kwa amani basi aombewe. Sharti langu moja, asishikwe kwa nguvu, asipigiwe kelele, asiambiwe ana pepo, na maombi yasichukue nafasi ya Alhamisi. Mchungaji anaekupenda atalielewa hilo.

Mambo madogomadogo upesi. Chakula usipambane nae, mpe kopo lake lenye mfuniko, weka karanga au biskuti, mwambie hili ni lako na likiisha nalijaza, na ulijaze kweli. Kuficha kunapungua akishaamini, sio akishakaripiwa. Usiku, fungeni mlango pamoja, aguse kitasa yeye mwenyewe, mwachie taa ndogo. Mtaani wengi wanajifunza kulala mchana kwasababu usiku ndo hatari, kwaiyo usingizi wa darasani sio uvivu, nenda shule ongea na mwalimu mkuu, na wewe ukiona aibu yule wa kituo akusindikize.

Halafu dada yako. Umesema mtoto ameshamsahau mama yake na umeona ni afadhali. Nisamehe mwanangu, mtoto anaeamka usiku kujaribu kitasa, una uhakika anahofia wa kuingia tu? Mi sina uhakika. Huenda hamtaji kwasababu ameona hata wewe humtaji. Watoto wanasoma sura zetu, akiona jina la mama yake linakukunja uso atakulinda kwa kunyamaza. Sio lazima umwambie makubwa. "Mama yako alienda Geita, hatujui alipo, tunamtafuta, na sio kosa lako" inatosha, na uwe unamtafuta kweli. Na hasira zako kwa dada zipo, nimeziona kwenye "hatujui kitu," zina haki yake na zinahitaji mahali pa kwenda ambapo sio mbele ya mtoto.

Kwa hilo nenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu, chukua na barua ya mtendaji wa mtaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamgusa huyu mtoto moja kwa moja, kukaa kwake kwako kutambulike rasmi, na wao wana njia ya kuwasiliana na wenzao wa Geita kumtafuta mama yake, polisi nao wapewe taarifa ya mtu aliepotea. Ukikwama, namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto. Nenda na mume wako kama atakubali. Akisikia kuna mama anatafutwa, kwamba mzigo huu hajatwishwa peke yake mpaka mwisho wa dunia, nina hisia hata lile neno "chagua" linaweza likapungua sauti, lakini wewe ndo unaeishi nae.

Niandikie tena mkishaonana na yule wa kituo, hata kama hamjakubaliana chochote.